Korongo wa Miguu Juu

Tarehe 3 Februari

Dada yangu,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya familia nzima, natangaza kwamba mdogo wako, mwenye umri wa miaka hamsini na mitano, mume wa mke mmoja, baba wa watoto watatu na fundi makochi mwenye karakana yake mwenyewe, Alhamisi iliyopita saa nne na robo asubuhi alitolewa nje ya makumbusho ya mji kwa kosa la kukaa kwenye kiti. Tukio lilishuhudiwa na wanafunzi thelathini na wawili wa darasa la sita, mwalimu wao, na wifi yako, ambaye alipoulizwa kama tumekuja pamoja alijibu kwamba hanijui.

Tangazo limekwisha, sasa salamu. Sisi hatujambo. Wifi yako anasumbuliwa na jino, lakini yaliyobaki yanamtosha kunisema. Kijana mkubwa kapata kazi ya kupima viwanja, na sasa haingii chumbani bila kutuambia ukuta umepinda. Mimi ni mzima ila tumbo limenitangulia. Nikiinama kufunga kamba za viatu huwa naaga kwanza. Goti lako je? Na wajukuu? Waambie babu yao wa huku anawasalimu, kisha uwaeleze babu huyo ni nani, maana najua hawajui.

Sasa jambo lenyewe. Unaikumbuka ile nyumba ya ghorofa nyuma ya posta, yenye ngazi za mbao zilizokuwa zikilia kila ukikanyaga? Nyumba ya Bwana Vitambaa, tuliyokuwa tukipeleka viti? Ndiyo makumbusho yenyewe. Wifi yako alipewa tiketi mbili kazini kwao, na unajua cha bure hakiachwi. Tukaingia. Chini wameweka mizani za dukani, mashine ya kuchapa, na picha za wakubwa wa mji wote wakiwa wamekasirika. Ngazi bado zinalia. Juu kuna chumba cha kulala, kitanda kimetandikwa kana kwamba mwenyewe ametoka kidogo, na mkabala wake chumba cha kulia. Meza ile ile ndefu. Kamba nyekundu kuizunguka. Na kwenye kichwa cha meza, kiti kimoja tu.

Dada, nilikijua kabla sijavaa miwani. Kitambaa cha kijani, korongo weupe, na wote miguu juu.

Mtembeza wageni, kijana mwenye sauti ya mtangazaji, akajikohoza. "Wanafunzi, tazameni kiti hiki. Kwa nini ndege hawa wameangalia chini? Mwenye nyumba alipofiwa na mke wake aliagiza wageuzwe, akisema katika nyumba ya msiba hata ndege hawaruki." Watoto wote wakasema "Ooo." Mmoja tu, mwenye mapengo, akasema, "Mbona kama wameteleza?" Akakatazwa kuongea.

Nisingesema kitu. Lakini mkono wa fundi hauna adabu. Nilivuka kamba nikapitisha vidole chini ya kiti, nikaukuta mkanda unaobeba kikalio umefumwa vile vile, mmoja juu mmoja chini, umekaza kama ngoma. Baada ya vidole, mwili nao ukataka kuhakikisha.

"Mzee! Mzee, inuka! Hicho hakikaliwi!"

"Kijana, hiki kilitengenezwa kikaliwe."

"Kina miaka mingi, Mzee, kitavunjika!"

"Kwa mkanda huu? Utavunjika wewe kwanza."

Ndipo nikatolewa, kwa upole lakini nikatolewa.

Sasa sikiliza. Mke wa Bwana Vitambaa hakufa mwaka ule Baba alipovisha viti. Miaka minne baadaye bado alikuwa akipita mbele ya karakana na kutufokea kwa vumbi la mbao, nawe shahidi. Ile hadithi ni ya kutunga. Na karatasi iliyowekwa pale inasema hivi tu: "Kiti cha mwenye nyumba." Kana kwamba kilijivisha chenyewe. Baba hayupo kwenye karatasi. Mtaani walimwita Miguu Juu mpaka tunamzika, wakasema alikuwa amelewa, Baba ambaye hata dawa ya kikohozi alikuwa akiinusa kwanza kama ina kileo. Kiti chake kimoja kilichobaki duniani kiko pale, na kimepewa msiba wa watu wengine.

Nimeapa, Dada. Nitahakikisha Baba anaandikwa kwenye karatasi ile. Korongo waligeukaje, hilo tutaliangalia baadaye. Niandikie yote unayoyakumbuka.

Mdogo wako


Tarehe 1 Machi

Mdogo wangu,

Nimecheka mpaka mjukuu akaniletea maji. Tangu utoto ukiambiwa usiguse wewe unakaa.

Huku tuko salama. Goti linaniamsha kabla ya jogoo, lakini nimelizoea kama mpangaji mkorofi. Niliuguza watu miaka thelathini na sasa watu wananiuguza vibaya, dawa ya saa mbili naletewa saa nne, halafu naambiwa, "Bibi, si ni ile ile?" Binti yangu anakusalimu. Wajukuu wamekuelewa baada ya kuwaambia kwamba wewe ndiye mjomba wa mama yao aliyefukuzwa na kiti.

Mpe wifi pole ya jino. Mwambie aling'oe, asikae na maumivu kwa kuogopa maumivu.

Kuhusu yale mengine, kuna siku mambo yakishalala ni vizuri yaachwe yalale. Watoto wanaifurahia hadithi ya msiba. Haimdhuru mtu. Baba mwenyewe hakupenda kelele. Sikumbuki mengi, na ninayoyakumbuka hayatakusaidia.

Punguza tumbo.

Dada yako


Tarehe 14 Machi

Dada yangu,

Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikitafuta ile sehemu uliyojibu swali langu. Sikuipata. Labda ilianguka njiani.

Hatujambo. Jino lingalipo. Nimempa wifi yako ujumbe wako na amejibu kwamba wewe uko mbali na koleo. Kitindamimba ameanza kujifunza kuendesha gari, na majirani wote wameanza kutembea kwa kufuata ukuta.

Nimerudi makumbusho mara tatu. Mara ya kwanza mlinzi alinitambua akanionyesha kiti cha plastiki, "Mzee, hiki ruhusa." Mara ya pili niliambiwa msimamizi yuko mkutanoni. Mara ya tatu nilibeba nyundo yangu, kipande cha mkanda na chakula cha mchana, nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki nikasema, "Mimi leo nipo." Saa tisa msimamizi akatoka. Ni mama mmoja mwembamba mwenye kishada cha funguo kinachomvuta bega moja chini. Mimi namwita Mama Funguo, kimoyomoyo.

Nikamweleza. Akasikiliza bila kupepesa.

"Kwa hiyo marehemu baba yako ndiye aliyevisha viti vya nyumba hii."

"Vyote sita. Na miguu ya meza aliitengeneza yeye."

"Na hadithi ya msiba?"

"Mama, yule mwanamke alinifokea mimi mwenyewe miaka minne baada ya kufa."

Akacheka, Dada! Nikajua nimeshapita mlangoni. Nikamwonyesha mkanda wangu, nikamweleza jinsi Baba alivyokuwa akiufuma, na kwamba mji huu hakuna mwingine aliyefuma hivyo ila yeye na mimi, na mimi navuta kwa pumzi nyingi zaidi. Akaenda akakipindua kiti, yeye mwenyewe, kwa glavu nyeupe kama anayezalisha. Akalinganisha. Akaguna.

Kisha akauliza, "Na ndege? Fundi stadi namna hii aliwageuzaje?"

Nikamwambia hilo nalifanyia utafiti.

Amesema yapo madaftari ya mwenye nyumba, makasha mawili ambayo bado hayajasomwa. Atayapitia, na kama kuna habari za fundi atazitumia. Karatasi zote za chumbani zitachapwa upya mwezi wa saba. Nimetoka pale natembea kama bwana harusi. Sasa unaona? Ukiacha mambo yalale yanaota ndoto za watu wengine. Nikumbushe tu siku ile viti vilipopelekwa, wewe ulikuwepo.

Mdogo wako


Tarehe 22 Aprili

Dada yangu,

Mwezi umepita sijaona herufi yako. Natumaini ni uvivu wa posta wala si goti. Huku salama. Kitindamimba amegonga geti letu wenyewe, kwa hiyo tunashukuru, maana angeweza kugonga la watu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimo ndani mpaka shingoni.

Mama Funguo aliniita Jumatatu. Nikavaa shati la pasi. Akanikalisha ofisini, akafungua daftari lenye jalada jeusi, akanisomea. Nimeomba ninakili, na hivi ndivyo Bwana Vitambaa alivyoandika kwa mkono wake:

"Viti sita vimeletwa leo. Vitano vizuri. Cha kwangu ndege wako kichwa chini. Fundi amekiri mwenyewe kwamba alikuwa amekunywa. Sitampa kazi tena. Kiti nakiacha hivyo hivyo, wageni watacheka."

Nikamwambia, "Mama, huyu anasema uongo."

Akasema, "Inawezekana. Lakini ameandika siku ile ile, na hakuwa na sababu ya kudanganya daftari lake."

"Baba yangu hakunywa pombe."

"Nakuamini kwamba unaamini hivyo, Mzee."

Dada, nimeshawahi kutukanwa, lakini si kwa adabu kiasi kile. Karatasi mpya imeshaandikwa, bado kuchapwa. Itasema kiti kilivishwa na fundi wa mtaa aliyekuwa amelewa. Hadithi ya msiba inatoka, na inayoingia ni hiyo. Nilikwenda pale kumtafutia Baba nafasi, na nafasi ameipata. Kila mwanafunzi wa darasa la sita wa mji huu atapandishwa zile ngazi na kuonyeshwa kazi ya mlevi.

Sikukubali. Nimemwambia sitoki ofisini. Naye, kusema haki, si mtu mbaya. Akaweka kalamu chini akasema, "Mimi naandika kilichoandikwa. Niletee maneno ya mtu aliyekuwepo siku ile, yaliyoandikwa na kutiwa saini, kabla ya mwisho wa Juni, nitayaweka kando ya daftari na kuyapima. Lakini siwezi kubadilisha historia kwa sababu mtu amekasirika."

Mtu aliyekuwepo siku ile ni wewe. Ulisukuma mkokoteni na Baba mpaka kwenye nyumba ile, ukapanda naye, ukasimama kwenye kile chumba. Mimi sikuwepo. Andika tu kwamba hakuwa amelewa na kwamba hakukiri kitu. Mistari miwili. Usiponijibu nitapanda basi nije nikae mlangoni kwako, na unajua mimi nikiamua kukaa huwa nakaa.

Mdogo wako


Tarehe 2 Juni

Mdogo wangu,

Usipande basi. Viti vya basi havitakuweza.

Si posta wala si goti. Nimeanza barua hii mara nne, na mjukuu ametumia karatasi nilizozitupa kutengeneza ndege. Tuko salama wote. Nimeona bora niandike asubuhi, kabla sijajipa sababu nyingine.

Siwezi kuandika kwamba Baba hakukiri. Alikiri. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikishika mashuka tuliyofunikia viti. Bwana Vitambaa alifungua viti kimoja kimoja, akifurahi, mpaka cha sita. Akacheka, akasema, "Fundi, ndege wangu wamekufa?" Baba hakujua anasema nini. Nilimwona usoni, hakujua. Akanyoosha mkono akapapasa kitambaa, nacho kitambaa cha kuchapwa ukikipapasa juu ni sawa na chini. Ndipo nikamnong'oneza, "Baba, wako miguu juu."

Akautoa mkono kwenye kitambaa. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Samahani, Bwana. Nilikunywa kidogo jana."

Tulipofika barabarani nikamuuliza kwa nini amejisingizia. Akanijibu, "Mwanangu, mlevi kesho huamka mzima, akapewa kazi nyingine. Fundi asiyeona haamki." Alikuwa haoni, mdogo wangu. Mwanga aliuona, watu aliwaona kama vivuli, lakini korongo kwenye kitambaa hakuwa akiwaona tangu mvua za mwaka ule. Alinifanya niahidi kwamba sitamwambia mtu yeyote habari za macho yake. Nikaahidi. Kazi hakupewa tena, si huko wala kwingine, na macho yalipokwisha kabisa watu wakasema pombe imeyala. Nami nilikuwa nesi kwenye wadi ya macho, nikinyamaza kwa sababu ya ahadi. Sasa unajua kwa nini nilisema ninayoyakumbuka hayatakusaidia.

Miaka yote hii nimedhani naitunza heshima yake. Barua yako ya Aprili imenionyesha ninatunza uongo wake, na uongo wenyewe haukumletea hata kiti kimoja cha kuvisha. Kwa hiyo maelezo yangu yamo humu, kurasa mbili, nimetia saini, na jirani yangu mwalimu ameshuhudia. Mpelekee huyo mama.

Lakini kuna moja lililobaki, na hili naandika kwako, si kwake.

Siku ile njiani Baba aliniomba mambo mawili. La kwanza ndilo hilo la macho. La pili alisema, "Na mdogo wako usimuulize kitu."

Sikumwelewa. Nikalibeba hivyo hivyo miaka thelathini na sita. Niliporudi na mkokoteni asubuhi ile nilikuta viti vitano viko wazi, na kile cha sita kimeshafunikwa shuka, kimefungwa kamba, mafundo mawili. Baba hakuwa anafunga mafundo mawili. Nawe ulikuwa umeshaondoka.

Nimevunja ahadi moja, ya pili nayo inanifuata. Nakuuliza: kile kiti nani alikifunga?

Dada yako


Tarehe 27 Juni

Dada yangu,

Barua yako ilifika tarehe kumi na tatu. Niliisoma karakanani nikiwa nimefunga mlango. Mteja akagonga, akaniita kwa majina yote anayoyajua, akachoka akaenda.

Hatujambo. Jino limeng'olewa, na wifi yako ananiambia kwamba kama angejua ni rahisi hivyo angeling'oa Januari. Aliposhangaa kwamba sikumtania akavuta kiti akakaa mbele yangu akasema, "Haya, toa." Nikatoa. Sijawahi kumweleza mtu, hata yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Miaka yote hii nimeolewa na wewe nikidhani unakoroma tu, kumbe una jambo." Akainuka akaenda kunyoosha lile shati. "Twende wote," akasema. "Safari hii wakiniuliza, nitasema nakujua."

Tulikwenda tarehe ishirini. Mama Funguo alisoma kurasa zako mbili, akavua miwani, akazisoma tena. Kisha nikampa za kwangu. Alipomaliza akauliza, "Mzee, una hakika unataka hili ukutani? Wanao watapanda hapa walisome. Wateja wako pia."

Nikamwambia, "Mama, mimi nimekaa kwenye ofisi hii miezi minne nikidai ukweli uandikwe. Siwezi sasa kuchagua kipande."

"Naweza kuandika tu kwamba fundi alikuwa haoni. Inatosha."

"Haitoshi. Asiyeona husaidiwa na anayeona. Watu watauliza anayeona alikuwa wapi."

Tukaandika pamoja, tukifuta na kurudia, mpaka mlinzi akaja kuuliza kama afunge. Yule mtembeza wageni alisikitika, alikuwa akiipenda hadithi yake ya msiba. Imekubaliwa isomeke hivi:

"Kiti cha mwenye nyumba. Kimevishwa na fundi wa mtaa huu, aliyekuwa akipoteza macho. Ndege wako kichwa chini kwa sababu hakuwaona. Mwanawe aliwaona, akanyamaza. Fundi alisema alikuwa amelewa. Hakuwa amelewa."

Itachapwa wiki ijayo. Nitakutumia picha, na ukipona goti nitakupandisha zile ngazi mwenyewe, hata kama ni kwa kukubeba mgongoni, ingawa baada ya hapo watabaki na vitu viwili vya kale vya kuonyesha.

Sasa nakujibu. Haya ndiyo niliyompa yeye, na wewe ulistahili kuyapata kwanza.

Nilikifunga mimi.

Viti vitano tulivisha pamoja, Baba akinyoosha kitambaa na mimi nikipiga misumari. Cha sita alisema ni cha mwenye nyumba, na cha mwenye nyumba huvishwa na fundi, si mwanafunzi. Akakivisha peke yake, taratibu, kwa vidole. Mimi nilikuwa upande wa pili nikikata mkanda na kuiangalia saa. Tulikuwa na mechi saa nne, uwanja wa shule, na nilikuwa nimeambiwa nikichelewa nafasi yangu anapewa mwingine. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sikuwa mtoto.

Unaikumbuka sheria ya karakana: aliyeona kosa ndiye analing'oa. Baba aliiweka ili tusiwe watu wa kunyoosheana vidole. Kwangu mimi ilinifunza kutokuona. Nilijua kabisa kwamba nikisema kiti hiki kina kosa, nitakaa pale na koleo, msumari mmoja mmoja, na misumari ya kiti kile ilikuwa zaidi ya mia.

Baba akaweka nyundo chini. Akapitisha viganja juu ya kitambaa, pembeni, mgongoni, kote, kama anavyofanya mtu anayemkausha mtoto. Akaniita. Nikaja. Korongo wote walikuwa miguu juu, huhitaji kuwa fundi kuliona hilo.

Akaniuliza, "Kimekaa?"

Sikudhani ananitania, wala sikudhani ananipima. Nimejaribu kujiambia hivyo miaka yote, lakini si kweli. Nilikuwa nimeshamwona akiitafuta sindano iliyo mbele yake. Nilikuwa nimeshamwona akihesabu hatua toka mlangoni mpaka kwenye benchi. Nilijua haoni, na nilijua ananiuliza kwa sababu haoni.

Nikasema, "Kimekaa, Baba."

Akasema, "Vizuri. Nenda kwenye mpira wako."

Nikachukua shuka nikakifunika, nikafunga kamba mafundo mawili ili upepo usilifunue kabla hamjafika kwa Bwana Vitambaa. Wewe ulikuwa bado hujarudi kutoka kuazima mkokoteni. Nikatoka mbio. Tulifungwa mabao manne, mawili kwa uzembe wangu, kwa sababu kila mpira ukija nilikuwa naangalia upande wa barabara.

Jioni niliporudi alikuwa amekaa mlangoni. Wewe ulikuwa ndani, nilisikia vyombo. Mashuka sita yalikuwa yamekunjwa kwenye benchi, na juu yake ile kamba, imefunguliwa na kuzungushwa vizuri. Alinijua kwa hatua zangu. Akauliza mpira umekwendaje. Nikamwambia tumefungwa. Akasogea kidogo kunipisha nikae, akasema, "Pole, mwanangu." Hakuniuliza kingine, siku ile wala siku nyingine mpaka anakufa, nami sikumwambia.